Farasi mwitu wa Marekani: Sheria iliwaokoa, malisho yakawa kitendawili

FARASI mwitu wa magharibi mwa Marekani, maarufu kama mustang, wana sheria yao mahsusi ya kuwalinda. Sheria hiyo, inayowahusu pia punda mwitu, ilitiwa sahihi na Rais Richard Nixon mnamo Desemba 15, 1971. Iliwaokoa wanyama hao wasiangamizwe, lakini zaidi ya nusu karne baadaye serikali inakabiliwa na tatizo la kinyume: farasi wamekuwa wengi kuliko uwezo wa malisho.

Mababu wa farasi walitokea Amerika Kaskazini, ila jamii hiyo ilitoweka huko yapata miaka 10,000 iliyopita. Wahispania ndio waliowarejesha katika karne ya 16. Baadhi walitoroka au kuachiliwa, wakazaana nyikani. Ndiyo sababu hadi leo wapo wanaowaita wageni na wapo wanaowaona kuwa wenyeji waliorudi nyumbani.

Kufikia katikati ya karne ya 20, farasi hao walikuwa wakiwindwa kwa ndege na malori, na nyama yao kugeuzwa chakula cha mbwa na paka. Mwanamke mmoja wa jimbo la Nevada, Velma Johnston, aliyekuwa karani wa ofisi, alianza kampeni ya kuukomesha ukatili huo mwaka wa 1950. Wapinzani wake walimbandika jina la Wild Horse Annie kwa kejeli, naye akalipokea kwa fahari. Mwaka wa 1959, Bunge la Congress lilipiga marufuku matumizi ya ndege na magari katika uwindaji wa farasi kwenye ardhi ya umma. Barua nyingi za watoto wa shule zilichangia kupitishwa kwa sheria ya 1971.

Jukumu la kuwatunza lilikabidhiwa hasa Idara ya Usimamizi wa Ardhi (BLM), ambayo husimamia makundi katika majimbo 10. Nevada ndiyo yenye farasi wengi zaidi. Sheria inakataza kuwasumbua au kuwaua ovyo, lakini pia inaitaka serikali kudumisha uwiano kati ya wanyama, nyasi na maji. Nyanda hizo ni kame, na farasi hugawana malisho na wanyamapori pamoja na ng'ombe na kondoo wa wafugaji wenye vibali.

Kwa hesabu ya idara hiyo, ardhi hiyo inaweza kuwahimili farasi na punda wapatao kati ya 25,000 na 27,000. Hata hivyo, kwa kuwa wanyama wanaowawinda ni wachache, kundi laweza kuongezeka kwa asilimia 20 kila mwaka na hivyo kuwa maradufu kwa miaka minne au mitano. Mnamo Machi 2020 idadi ilikadiriwa kuwa zaidi ya 95,000. Kufikia 2024 ilikuwa imeshuka hadi takriban 73,500, baada ya misako mikubwa.

Katika misako hiyo, helikopta huwafukuza farasi hadi mazizini. Wanaokamatwa hupigwa chapa shingoni kwa chuma baridi kupindukia, kisha hutafutiwa watu wa kuwafuga. Wanaojitokeza hawatoshi. Zaidi ya farasi na punda 60,000 wamekuwa wakitunzwa mazizini na katika mashamba ya kukodi, kwa gharama inayopita dola milioni 100 kwa mwaka.

Mpango ulioanza mwaka wa 2019 wa kumlipa kila mfugaji dola 1,000 ulizua malalamiko kwamba baadhi ya farasi waliishia kwenye minada ya wauza nyama. Mnamo Machi 2025, mahakama ya shirikisho jimboni Colorado iliubatilisha.

Njia nyingine ni chanjo ya kuzuia mimba iitwayo PZP, inayotengenezwa kutokana na utando wa mayai ya uzazi ya nguruwe. Majike hudungwa kwa kishale kinachofyatuliwa kutoka mbali. Katika kisiwa cha Assateague, upande wa Maryland, chanjo hiyo imetumika tangu 1994, na kundi lililokuwa limepita 150 limepungua hadi karibu 100 au chini yake bila msako wowote.

Kisiwani humo, hata hivyo, kila farasi hujulikana. Katika nyanda pana za Nevada ni vigumu kumkaribia kila jike, ilhali nguvu ya chanjo kwa kawaida hudumu takriban mwaka mmoja tu. Isitoshe, chanjo haipunguzi farasi waliopo. Huchelewesha tu kuongezeka kwao.

Watetezi wa wanyama wanataka ng'ombe wapunguzwe malishoni kabla ya farasi kuguswa. Wafugaji nao husema mifugo yao huondolewa kwa misimu ili nyasi zipumzike, ilhali farasi hula mwaka mzima. Congress, kwa upande wake, imekuwa ikizuia fedha za umma kutumiwa kuwaua farasi wenye afya. Pasipo kuzuia uzazi kwa kiwango kikubwa, kila msako huishia kuhamishia mzigo kutoka nyikani hadi mazizini.