Nyumbani Ndiko Mtoto Anakoanzia Kujifunza

Mtoto haanzi kujifunza siku anapoandikishwa darasa la awali. Huanza anapozaliwa, kupitia sauti, mguso na uso wa anayemlea, katika miaka ambayo ubongo wake hukua kwa kasi kubwa.

Kwa kutambua hilo, Desemba 2021 Serikali ya Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM), inayowalenga watoto wa miaka 0 hadi 8. Maeneo yake matano ni afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Malezi yenye mwitikio hayahitaji fedha. Mtoto mchanga anapotoa sauti, mlezi humtazama na kumjibu. Wa miaka miwili hutajiwa majina ya vitu anapoogeshwa au kulishwa. Wa miaka minne huweza kupanga vikombe kwa ukubwa, kuhesabu viazi vinavyomenywa na kutegewa vitendawili jioni. Hata hivyo, maharage, vizibo na vitu vingine vidogo viwekwe mbali na mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwani vinaweza kumpalia.

Furaha ya mtoto ni sehemu ya kujifunza kwake. Anayekaripiwa kila anapouliza, hatimaye huacha kuuliza. Hivyo baba, mama, bibi, babu na msaidizi wa kazi za nyumbani wanapaswa kumsikiliza na kumjibu kwa upole, hata wakiwa na shughuli nyingi.