Miaka 35 ya muswada wa Kitereza

Kuanzia njia panda ya Usagara hadi Nansio kule Ukerewe, kijana mwenye hadithi siku hizi haombi ruhusa ya mchapishaji. Anaandika sehemu ya kwanza kwenye simu, anaituma kwenye makundi ya WhatsApp, na kabla jua halijazama wasomaji wanadai sehemu ya pili. Ninapowaeleza wenzangu wa shahada ya uzamili kwamba mwandishi wa Ukerewe alisubiri miaka 35, hunijibu: laiti angekuwa na simu!

Mimi nina shaka.

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari Wakatoliki. Mwaka 1945 alikamilisha, kwa Kikerewe, riwaya kubwa kuhusu Myombekere na Bugonoka, mke na mume wanaosemwa kwa kukosa mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao. Myombekere anakwenda kuwaomba wakwe, anatozwa pombe ya ndizi. Kisa kinavyosonga, msomaji anajifunza jinsi Wakerewe walivyolima, walivyouguza na walivyoheshimu ukwe. Kitereza aliona mambo hayo yakififia, akayahifadhi ndani ya hadithi.

Kikwazo kikawa lugha. Nani angegharamia kitabu kinene katika lugha ya watu wachache wa ziwani? Hatimaye mzee akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikakichapa kikiwa na tarehe ya 1980. Kitereza alifariki 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tulipata zawadi, lakini tuikumbuke bei yake: kazi iliyoandikwa kwa Kikerewe iliwafikia wasomaji bila Kikerewe chake. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, alipotoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 2002, alirudi kwenye muswada ule wa Kikerewe.

Simu ingefuta gharama ya karatasi. Hesabu ya wasomaji ingebaki palepale. Kijana anayeongea Kisukuma au Kikerewe na bibi yake, akitaka kusimulia kwa wengi, huandika Kiswahili, kwa sababu huko ndiko waliko wasomaji. Kitereza alikosa wachapishaji baada ya kumaliza kuandika. Sisi tunaiacha lugha ya nyumbani kabla hata ya kuandika neno la kwanza.

Ninachojifunza kwake ni utaratibu: alianza na lugha aliyosikilizia hadithi, ndipo akatafsiri. Leo tunaweza kufanya hivyo bila gharama ya uchapaji. Sehemu ya kwanza itoke kwa Kikerewe, na Kiswahili kifuate chini yake. Huenda wasomaji wa Kikerewe wakawa binamu wanne na shangazi mmoja. Ni wachache, lakini ndio watakaomwambia mwandishi, "Hapa umekosea neno, wazee hawakuliita hivyo."