Risasi 42,088 za Litchfield

Kiswahili kina neno moja: madini yale mazito ya kijivu ni risasi, na kinachotoka mdomoni mwa bunduki ni risasi. Ukitaka kuona maana hizo mbili zikikutana katika kiganja cha mtoto, nenda Litchfield, Connecticut, mwaka 1776.

Tarehe 9 Julai mwaka huo, Azimio la Uhuru wa Marekani lilisomwa mbele ya askari wa George Washington jijini New York. Jioni umati ulifurika Bowling Green, ukaiangusha sanamu ya Mfalme George wa Tatu akiwa juu ya farasi. Ilikuwa ya risasi, imepakwa dhahabu. Sehemu kubwa ya vipande ilipelekwa Litchfield, nyumbani kwa Oliver Wolcott, mmoja wa waliotia saini azimio hilo.

Huko kazi ya kuigeuza sanamu kuwa risasi za bunduki ikawa ya wanawake na watoto.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo moto wa kuni hulifikia bila taabu. Uji wake unaong'aa kama fedha huchotwa kwa upawa na kumiminwa katika kalibu. Kalibu ikifunguliwa, kigololi hudondoka kingali moto. Kikia chake hukatwa kwa kisu na kurudishwa chunguni. Kisha kigololi hufungwa katika karatasi pamoja na baruti. Anayevishika vigololi hivyo kutwa nzima huondoka na vidole vyenye weusi.

Hesabu ya risasi hizo 42,088 ilihifadhiwa katika karatasi za Wolcott. Ruth Marvin alitengeneza 11,592. Mary Ann Wolcott, wa miaka 11, alitengeneza 10,790, na dada yake Laura 8,378. Mdogo wao Frederick, ambaye hakuwa ametimiza miaka 9, aliandikiwa 936. Wamarekani wameisimulia orodha hii kwa fahari, na ushujaa umo kweli. Lakini hiyo 936 inauma.

Maana madhara ya risasi yalikwisha kujulikana. Mwaka 1723 Massachusetts ilipiga marufuku vichwa vya risasi kwenye mitambo ya kutonesha ramu, kwa kuwa wanywaji waliugua. Mwaka 1786 Benjamin Franklin naye alikumbuka katika barua jinsi wachapaji waliopasha herufi za risasi motoni walivyopoteza nguvu za mikono.

Siku hizi hata mpiga bunduki asiyeyeyusha chochote huileta nyumbani. Fataki zinazowasha baruti katika risasi nyingi zina kemikali ya madini hayo, na bunduki ikilia huacha vumbi linaloganda kwenye nguo, viatu na kiti cha gari, hadi zuliani anapotambaa mtoto. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya la mtu mzima. Ikiingia mwilini hujificha mifupani na kudhuru ubongo unaokua. Huko Massachusetts, watafiti wamekuta kwamba penye leseni nyingi za bunduki, risasi katika damu ya watoto nayo huwa juu.

Marekani iliiondoa risasi katika rangi za nyumba mwaka 1978, na katika petroli ya magari ya barabarani mwaka 1996. Kwenye bunduki imebaki, na bado wapo wanaoiyeyusha wenyewe gerejini, kwa upawa na kalibu ambazo Frederick angezitambua.