Fundi Konde na Mtaa Aliouapia

Majengo, Pumwani, ni mtaa wa Eastlands jijini Nairobi. Nao una kitu ambacho si kila mtaa unacho: wimbo wake. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani mwaka 1924, ndiye aliyetoa "Majengo Siendi Tena". Kiapo kizito, ingawa kwa gitaa tamu kiasi kile huenda wasikilizaji wengi walitamani kwenda kesho yake!

Konde alikuwa amerudi kutoka Vita Vikuu vya Pili, alikotumbuiza askari katika kikosi cha burudani. Akiwa na mtayarishaji Peter Colmore alirekodi santuri nyingi, akitunga nyimbo mwenyewe kwa Kiswahili. Husemekana ni miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme.

Kisha akanyamaza. Kwa miaka mingi alibaki jina la redioni, katika vipindi vya zilizopendwa, na hapo ndipo mapenzi ya mashabiki yalipohifadhiwa. Waliozaliwa baada ya santuri zake walizijua nyimbo kabla ya kuujua uso wake.

Miaka ya 1990 ikamrudisha mzee jukwaani na studioni, safari hii na Them Mushrooms, bendi ya vijana wa pwani waliotosha kuwa wanawe. Mwaka 1994 lebo ya RetroAfric ya London ikatoa mkusanyiko wa kazi zake za 1947 hadi 1956. Albamu mpya, nyimbo kongwe; mashabiki hawakulalamika. Konde aliaga dunia mwaka 2000.