Chubwi ya uzito gani kwa maji ya Kilindini?

Kila bamvua likiingia hupata simu mbili tatu za vijana wanaoanza kuvua kwa mshipi. Swali huwa ni lile lile: "Mzee, mshipi hautui chini, nifunge risasi ya uzito gani?" Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, ndipo leo nikaona niandike. Na kuna jambo jingine ambalo kwenye simu huwa silisemi kwa sababu ya haya. Hilo nalo nitalisema hapa.

Tuanze na neno lenyewe. Chubwi ni kile kizito kinachovuta mshipi chini, kiwe cha jiwe, chuma au risasi. Risasi kwetu ni madini, na ni ile ya bunduki pia, kwa kuwa zote zilitoka kwenye chungu kimoja cha kuyeyushia. Za bunduki sina haja nazo, na uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977. Hata hivyo wawindaji wa kale waliijua hesabu ambayo mvuvi anaihitaji. Yuko Mzungu mmoja, W.D.M. Bell, aliyewinda ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, akasifika kwa kutumia bunduki nyembamba ya milimita 7 wakati wenzake walibeba makubwa ya kuvunja bega. Risasi yake ilikuwa na gramu 11 na kidogo tu, lakini ilikuwa ndefu: uzito wote umejipanga nyuma ya ncha ndogo, kwa hiyo ilipenya na kwenda moja kwa moja. Chubwi nayo ni hivyo hivyo. Jua kwanza ina kilo ngapi, kisha utazame imeumbwa vipi na maji yana sehemu gani ya kuisukuma.

Sasa maji yetu. Kilindini maana yake ni kwenye kilindi, na jina halikukosea. Maji mengi ya hori la Port Reitz huingia na kutoka kupitia mlango wa Likoni, na wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji mafu tofauti hiyo hupungua ikawa kama mita 1 tu. Ndiyo maana chubwi iliyokutosha tarehe 8 ya mwezi mwandamo itakuaibisha tarehe 15. Mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma haizidi mara mbili, huzidi mara nne. Kijana anayeongeza chubwi kidogo kidogo akidhani anakimbizana na maji hajui kwamba maji yameshamwacha mbali.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili: kabla ya kuongeza risasi, punguza unene wa mshipi. Wengi hawaamini. Ukishusha mita 20 za nailoni nene, unene wote huo unashikwa na mkondo kama tanga. Nimewahi kukaa mashua moja na mtu aliyefunga zaidi ya nusu kilo na bado mshipi wake ulikuwa umelala kama kamba ya kuanikia nguo, nami nikatua na gramu 200 kwa sababu uzi wangu ulikuwa nusu ya unene wa wake. Alidhani nina hirizi.

Jibu la pili ni saa. Maji yakijaa au yakitoka mpaka mwisho kuna muda yanasimama, na hapo hata chubwi ndogo inatua. Kila siku muda huo husogea mbele kama dakika 50, basi ukijua wa leo umejua wa kesho. Mimi wakati wa bamvua huvua pale maji yanaposimama na kidogo kabla na baada, halafu napumzika ninywe chai. Anayeng'ang'ania katikati ya mkondo anapoteza ndoana na chambo chake cha ngisi, na pesa zake ni hizo hizo.

Ukishafanya hayo mawili ndipo tuzungumze uzito. Kwa mashua, maji mafu, huanza na gramu 100 hadi 150. Siku za katikati huenda robo kilo. Bamvua na kusi likivuma, huweka gramu 400, na ikikataa kutua nahama mahali, siongezi tena. Sababu ni kwamba ukipita hapo husikii samaki. Changu akigusa chambo, mkono wako unasikia chubwi tu. Kwa tewa anayemeza kwa nguvu si neno, lakini kwa changu utaletewa ndoana tupu siku nzima. Kanuni ninayoifuata ni chubwi nyepesi kuliko zote inayoweza kukaa chini. Na nikisema mashua sisemi utie nanga kwenye njia ya meli. Njia ile ni ya meli, na karibu na magati askari hawaulizi mara mbili.

Kuhusu umbo sitarefusha. Ndefu iliyochongoka hushuka haraka na hutoka kirahisi ikinasa kwenye miamba. Bapa au ya pembe nne hukaa juu ya mchanga bila kubingirika. Ya duara inapendeza macho, lakini kwenye mkondo hutembea kama mtoto aliyetumwa dukani.

Madini ndiyo yenye maneno. Risasi ni nzito mara 11 na zaidi kuliko maji, chuma karibu mara 8, jiwe la kawaida mara mbili na nusu hivi. Kitu kikizama, maji hukibeba kwa kadiri ya ukubwa wake. Chukua nusu kilo ya kila kimoja uitumbukize baharini: ya risasi inabaki na uzito wa kama gramu 455, ya chuma 435, na ya jiwe 300 na kitu kidogo. Tazama vizuri hapo. Jiwe limepoteza karibu mbili ya tano, na ni kubwa, kwa hiyo mkondo una mahali pa kulishika. Lakini baina ya risasi na chuma tofauti si ile tuliyokuwa tukihadithiwa na wazee. Chuma ni kinene zaidi kwa karibu nusu, basi. Ukikipata kirefu, kipande cha nondo kwa mfano, tofauti hiyo huioni sana.

Nalisema hili kwa sababu ya lile jambo la haya. Kwa miaka mingi nilizimimina chubwi zangu mwenyewe uani, hapa Mji wa Kale. Nilinunua betri mbovu za gari, nikazivunja kwa nyundo, nikayeyusha risasi kwenye sufuria ya mke wangu, nikamimina kwenye shimo la mchanga. Si kazi ngumu, risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327, jiko la makaa linatosha. Siku moja mchanga ulikuwa na unyevu, risasi ikaruka na kunichoma mguu, na kovu ninalo. Hilo ndilo nililoliona kuwa hatari. Hatari yenyewe sikuiona: vumbi la betri lililobaki uani, na mjukuu wangu ambaye siku moja tulimkuta amekaa chini anainyonya chubwi kama peremende.

Risasi mwilini hujifanya kama chokaa ya mifupa. Huingia kwenye mfupa ikakaa miaka, na mama mjamzito huweza kumpa mtoto aliye tumboni. Huharibu ubongo wa mtoto mdogo kabla hujaona dalili, na Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Owino Uhuru iko hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi pale kuanzia 2007 mpaka kikafungwa 2014, na watu wakaugua. Mwaka 2020 Mahakama ya Ardhi na Mazingira iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikaendelea kupanda, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawapa haki yao. Kile kilikuwa kiwanda, lakini chungu changu cha uani kilikuwa na betri zile zile.

Uingereza walipiga marufuku chubwi ndogo za risasi tangu 1987, baada ya ndege wa majini kuzimeza na kufa. Sisi hatuna marufuku kama hiyo, basi kila mtu ajue anachofunga.

Mimi sasa nafanya hivi. Nikivua kwenye miamba ya Mama Ngina, ambako chubwi moja kati ya tatu hairudi, nafunga plagi ya gari iliyokufa au nati kubwa, kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe, ili ikinasa ikatike hiyo tu na samaki nibaki naye. Mafundi wa gereji wananipa plagi bure. Kwenye mashua, kilindini kabisa, natumia kipande cha nondo nilichokatiwa na fundi wa kuchomea vyuma na kutobolewa juu, gramu 400 kamili. Chubwi za risasi nimebaki na nne tu za zamani, nimezipaka rangi, zimo kwenye kopo lenye kifuniko ndani ya mashua, na hazivuki kizingiti cha nyumba. Nikizishika nanawa kwa sabuni kabla ya kugusa mkate. Sufuria ile niliitupa, na mke wangu bado ananidai nyingine.

Betri mbovu ukiwa nazo usizivunje. Ziuze nzima kwa wanaobadilisha betri. Na kijana aliyenipigia juzi usiku kuniuliza kama betri ya pikipiki inatoa chubwi ngapi, jibu lako ndilo hili.