Maili za Ndege: Sarafu Iliyozaliwa Ndani ya Tarakilishi

Leo naweka msimbo kando kidogo tuzungumze historia. Marafiki kadhaa wameniuliza swali moja kwa namna tofauti: hizi maili ambazo mashirika ya ndege huwapa abiria ni kitu gani hasa, na je, mtu anayesafiri mara mbili tatu kwa mwaka anaweza kufaidika nazo?

Jibu fupi: ndiyo, ila kidogo. Jibu refu ndilo tamu zaidi, na linaanza na tarakilishi, si na ndege. Ukijua maili zilitoka wapi, utajua jinsi ya kuzitumia bila mtu kukufundisha.

Kwanza kulikuwa na Sabre

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kukata tiketi ya ndege Marekani ilikuwa kazi ya karatasi. Makarani walikaa wakizunguka sanduku la kadi, kila kadi ikiwa ni safari moja, na kuhifadhi kiti kimoja kungeweza kuchukua dakika 90. Ndege zilikuwa zinaongezeka na kuwa kubwa. Kadi hazikuweza kwenda nazo sambamba.

Mwaka wa 1953, C. R. Smith, mkuu wa shirika la American Airlines, alijikuta ameketi ndani ya ndege karibu na mtu mwingine aitwaye Smith: R. Blair Smith, muuzaji wa kampuni ya IBM. Mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa mfumo wa Sabre. Ujuzi wenyewe ulitoka jeshini. IBM ilikuwa imefanya kazi katika SAGE, mfumo wa kuilinda anga ya Marekani, ambao tarakilishi zake zilipokea habari kutoka mbali na kujibu papo hapo. Sabre ilianza kazi mwaka wa 1960 juu ya tarakilishi mbili za IBM 7090, na kufikia 1964 ilikuwa imebeba mtandao mzima wa American. Iliweza kushughulikia makumi ya maelfu ya maombi ya simu kwa siku.

Kwa kila abiria, Sabre ilitunza rekodi: jina, safari na nambari ya simu. Simu iliombwa kwa sababu ya kawaida kabisa, ili shirika limfikie abiria ratiba ikibadilika. Ishikeni hiyo nambari ya simu, tutairudia.

1978: soko linafunguliwa

Kwa miaka 40 serikali ya Marekani, kupitia bodi iliyoitwa Civil Aeronautics Board, iliamua nani aruke wapi na kwa nauli gani. Mashirika hayakuweza kushindana kwa bei, kwa hiyo yalishindana kwa chakula na tabasamu. Tarehe 24 Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuondoa udhibiti huo. Mashirika mapya ya nauli nafuu yakaingia, na kiti cha ndege kikawa kama kilo ya sukari: mteja anauliza bei tu, halafu anaenda duka la pili.

Swali likawa, utamzuiaje mteja asikuhame kwa sababu ya dola kumi? Wazo la zawadi halikuwa geni. Tangu 1896 kampuni ya Sperry & Hutchinson ilikuwa ikiwauzia wenye maduka stempu za kuwapa wateja, na mteja akijaza kijitabu anachagua zawadi. Mwaka wa 1979 shirika la Texas International lilijaribu kuwazawadia abiria kwa maili walizoruka. Lakini ili kumzawadia mteja wako bora, lazima kwanza umjue ni nani. Tiketi nyingi ziliuzwa na mawakala. Shirika liliona majina tu, na Marekani ina akina John Smith wasiohesabika.

Nambari ya simu kama ufunguo

Hapa ndipo moyo wangu wa mwanaprogramu hupiga kwa kasi. American, chini ya Robert Crandall, ilipekua rekodi za Sabre ikitafuta nambari za simu zinazojirudia. Jina linaweza kuandikwa kwa namna tano. Nambari ya simu ni ile ile. Kwa lugha yetu, walikuwa na jedwali lisilo na ufunguo, wakagundua kwamba safu moja iliyowekwa kwa kazi nyingine inaweza kuwa ufunguo. Matokeo yalikuwa orodha ya abiria zaidi ya laki moja wanaosafiri mara kwa mara. Tarehe 1 Mei 1981 mpango wa AAdvantage ukazinduliwa, na watu hao wakaandikishwa kama wanachama wa kwanza. Siku chache baadaye United ikajibu kwa Mileage Plus. Kabla ya mwaka kwisha, Delta na TWA pia zilikuwa na mipango yao.

Sisi Wakenya tunaielewa hadithi hii vizuri kuliko wengi. Hapa kwetu nambari ya simu ndiyo akaunti, ndiyo pochi, na mara nyingi ndiyo jina. Safaricom ilianzisha Bonga Points mwaka wa 2007, mwaka ule ule wa M-Pesa, na mfumo wote ulisimama juu ya nambari ya simu. Bonga na AAdvantage ni mtu na mjukuu wake.

Lakini ujanja mkubwa zaidi wa maili haukuwa wa kiufundi. Abiria wanaosafiri sana ni watu wa kazi: tiketi inalipwa na mwajiri, maili zinaingia kwa mfanyakazi. Shirika la ndege linampa zawadi mtu anayechagua, kwa pesa za mtu anayelipa. Ukitafakari, hiyo ni chai iliyovaa tai. Wanasiasa wa Ujerumani walilipata joto lake mwaka wa 2002, ilipofichuka kwamba baadhi yao walitumia maili za safari za kikazi kwa safari zao binafsi. Gregor Gysi alijiuzulu kiti chake katika serikali ya jimbo la Berlin. Marekani iliamua kinyume: sheria ya Desemba 2001 iliwaruhusu wafanyakazi wa serikali kuu kubaki na maili zao.

Maili zinashuka ardhini

Mwaka wa 1987 American na benki ya Citibank walitoa kadi ya mkopo inayompa mteja maili kwa kila dola anayotumia. Tangu hapo hukuhitaji kupanda ndege ili upate maili. Unanunua nyanya, unapata maili. Benki inazinunua kutoka kwa shirika kwa pesa taslimu, na shirika linazitengeneza kutoka hewani, yaani kwa kuongeza tarakimu kwenye hifadhidata. Gharama inakuja baadaye, mteja akidai kiti. Asipodai kamwe, pesa zimebaki.

Kama ilivyo kwa yeyote mwenye kiwanda cha noti, tamaa iliingia. Mwaka wa 1988 Delta ilianza kutoa maili mara tatu na wengine wakafuata. Deni la viti likavimba. American ikabadilisha masharti: viti vya maili vikawekewa kikomo, na siku fulani zikafungwa kabisa, hata kwa maili zilizokwisha kupatikana. Wateja walikwenda mahakamani, na mwaka wa 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema wanaweza kushtaki kwa msingi wa mkataba. Lakini mwaka wa 2014 mahakama hiyo hiyo ilimkatalia mwanachama aliyefukuzwa katika mpango wa Northwest mwaka wa 2008, shirika likidai alilalamika kupita kiasi. Masharti yalisema shirika lina uamuzi wa mwisho, na hayo yakatosha.

Waliouchezea mfumo

Penye kanuni pana mtu wa kuzisoma mpaka mstari wa mwisho. Mwaka wa 1999, kampuni ya vyakula ya Healthy Choice iliahidi maili 500 kwa kila alama kumi za mistari kutoka kwenye pakiti zake, na mara mbili yake kwa watakaowahi. Mhandisi mmoja wa California aligundua kwamba vikombe vya pudini vya kampuni hiyo viliuzwa senti 25 tu. Alinunua zaidi ya vikombe 12,000 kwa dola 3,000 na kidogo. Kubandua alama kukamshinda, akawapa pudini hiyo Salvation Army, nao wakambandulia. Alivuna zaidi ya maili milioni 1.2.

Mfano wa pili unanichekesha zaidi. Mwaka wa 2008 mamlaka ya kutengeneza sarafu ya Marekani ilianza kuuza sarafu za dola moja kwa bei ile ile ya dola moja, tena bila ada ya kutuma. Watu wakazinunua kwa kadi za mkopo zenye maili, sarafu zikafika nyumbani, wakazipeleka moja kwa moja benki kulipia ile kadi. Pesa imezunguka, maili zimebaki. Mwaka wa 2011 mamlaka iliacha kupokea kadi za mkopo kwa sarafu hizo, mchezo ukaisha.

Mashirika nayo yalijifunza. Delta na United kuanzia 2015, na American kuanzia Agosti 2016, ziliacha kuhesabu umbali na kuanza kuhesabu nauli. Neno "maili" limebaki kwa mazoea. Siku hizi kwao ni pesa uliyotumia, si njia uliyoruka.

Halafu ukaja mwaka wa 2020. Ndege zilipolala chini kwa sababu ya korona, United iliweka mpango wake wa MileagePlus rehani na kukopa dola bilioni 6.8. Katika hesabu zake, mpango huo ulikuwa na thamani ya takriban dola bilioni 22, zaidi ya thamani ya hisa zote za United sokoni wakati huo. American ilifanya vivyo hivyo mwaka wa 2021 na kupata dola bilioni 10. Jedwali la maili likawa na thamani kuliko kampuni inayolimiliki.

Na sisi je?

Kwetu, maili zilikuja kupitia ndoa ya Kenya Airways na KLM ya mwaka wa 1996. Abiria wa Nairobi walikusanya maili katika mpango wa Waholanzi, ambao mwaka wa 2005 uliunganishwa na ule wa Air France na kuitwa Flying Blue. Kenya Airways iliingia SkyTeam kama mwanachama kamili mwaka wa 2010, na baadaye ikaanzisha mpango wake wenyewe, Asante Rewards. Wanaofaidika zaidi ni wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa, na wafanyabiashara wa Eastleigh na Kamukunji wanaokwenda Dubai na Guangzhou kila baada ya miezi michache.

Nimewahi kuandika mfumo wa pointi kwa mteja mmoja wa rejareja hapa Nairobi. Siku moja meneja aliagiza pointi zote zenye umri wa zaidi ya miezi 12 zifutwe usiku wa manane. Kwangu ilikuwa mistari minne ya msimbo. Kwa mama aliyekuwa akiweka pointi zake za mwaka mzima akingojea Krismasi, ilikuwa unga na mafuta ya kupikia. Hakuna sheria iliyovunjwa, maana masharti yaliruhusu. Tangu siku hiyo siwezi kuyaita haya "mali ya mteja".

Kwa hiyo ushauri wangu unatokana na historia yenyewe:

1. Chagua kundi moja la mashirika na ukae nalo. Maili 4,000 katika sehemu tano hazikununulii kitu.
2. Weka nambari yako ya uanachama wakati wa kukata tiketi, na utunze pasi ya kupandia ndege mpaka maili zionekane kwenye akaunti.
3. Piga hesabu kabla ya kuzitumia. Kama tiketi ni shilingi 40,000, na kwa maili unatakiwa kutoa maili 25,000 pamoja na kodi ya shilingi 15,000, basi kila maili imekupa shilingi moja. Linganisha safari mbili tatu, utaona tofauti kubwa.
4. Usinunue tiketi ya bei ghali kwa ajili ya maili. Hiyo ni kununua ng'ombe ili upate kamba.
5. Zitumie mapema. Maili hazizai riba, na kiwango chake kinaweza kupandishwa usiku mmoja na kijana kama mimi aliyetumwa na bosi wake.

Maili si akiba. Ni tarakimu katika jedwali la mtu mwingine, na mwenye jedwali ndiye mwenye kalamu. Zikikufaa, safiri nazo mwaka huu.