Kiwashi, Wala Si Kimeng'enya

Kinasi, protini ya seli inayoamsha protini nyingine, haimeng'enyi kitu. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo waliokaa kikao na kuipa istilahi "kimeng'enya hamishi fosfeti" walipaswa kulitazama. Maneno matatu yamebebeshwa kazi ya neno moja, na la mbele ndilo linalopotosha.

Kimeng'enya ni neno zuri mahali pake. Limetoka kwenye kumeng'enya, kukivunjavunja chakula mpaka mwili uweze kukichukua, na kwa amilesi ya mate au pepsini ya tumboni halina mpinzani. Tatizo ni kwamba lilipewa ukoo mzima wa vitu ambavyo Kiingereza huviita enzyme. Wilhelm Kühne, Mjerumani aliyeunda jina la kimataifa la vitu hivi katika miaka ya 1870, alilichota kwenye Kigiriki, "ndani ya chachu", kwa kuwa alikuwa akitazama hamira ikifanya kazi. Jina lake halikusema kama kitu hicho kinavunja, kinaunga au kinahamisha. Kiswahili kiliposema kimeng'enya, kilichagua kazi moja na kuzifungia nje nyingine zote.

Anayetaka kuona madhara yake aende Haydom, wilayani Mbulu, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955. Haydom ilikuwa mojawapo ya vituo 8, kila kimoja katika nchi yake, vya utafiti wa MAL-ED ulioanza 2009. Watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa hadi miaka 2, na vinyesi vyao vikapimwa viashiria vya ugonjwa wa utumbo kama mieloperoksidesi na neopterini. Wengi walikuwa na ugonjwa wa utumbo usiopiga kelele: mtoto anacheza, ananyonya, hata kuhara hahari, lakini kimo kinabaki nyuma.

Katika damu za watoto wa Haydom na wenzao wa Peru, watafiti walifuatilia pia triptofani, kirutubisho ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Njia ya kuipoteza ni hii. Utumbo ukishambuliwa, chembe za kinga hutoa interferoni gama. Interferoni hiyo hugusa kipokezi kwenye ngozi ya seli, na kwa ndani kinasi mbili, JAK1 na JAK2, huamka na kupeleka habari hadi kwenye kiini. Kiini kikishapata habari huagiza protini iitwayo IDO itengenezwe, na IDO huanza kuivunja triptofani.

Hapo ndipo mambo yanapojitenga. IDO inavunja, basi iitwe kimeng'enya kwa haki yake yote. JAK haivunji triptofani wala haiigusi. Kuziita zote mbili vimeng'enya mbele ya mwanafunzi ni sawa na kumwita mpiga filimbi na mwenye jembe wote wakulima kwa kuwa wako shamba moja.

Kinasi inafanya nini, basi? Inapalia moto. Aliyelelewa kijijini anaijua picha hiyo: asubuhi jiko la nyumbani limezimika, mtoto anatumwa kwa jirani na kigae, anarudi na kaa moja jekundu, analitia chini ya kuni, anapuliza, na nyumba nzima inapata chai. Kinasi nayo huchukua fosfeti moja kutoka kwenye ATP, kibeba nishati cha seli, huipachika kwenye protini iliyokuwa imelala, na protini hiyo inaamka. Seli ya binadamu ina maelekezo ya kutengeneza kinasi zaidi ya 500, na kila moja ina majiko yake ya kupelekea kaa.

Kwa hiyo neno linalopendekezwa hapa ni kiwashi.

Asili ya neno la kigeni inaliunga mkono. Mzizi wake ni kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kutia mwendo, mzizi uleule uliotuletea sinema, yaani picha zilizotiwa mwendo. Tamko hilo liliingia katika sayansi ya mwili kupitia maabara ya Ivan Pavlov, karibu na mwaka 1900, kwa kitu cha utumboni kinachoamsha kingine kilicholala. Sasa Mswahili akitaka kutia mwendo gari, husemaje? Huliwasha. Taa huiwasha, simu huiwasha, pampu ya maji huiwasha. Neno tunalo midomoni kila siku.

Wapo wanaotaka jina la kigeni libaki lilivyo, likiandikwa kinasi, kama makala haya yalivyolazimika kuliandika mpaka hapa. Hao hawajasikiliza masikio yao. Kinasi kwa Mswahili inatoka kwenye kunasa, kama kinasa sauti, kama ndege na ulimbo. Msomaji ataelewa kitu kinachokamata na kuzuia, kinyume kabisa cha kitu kinachoamsha.

Na kwa upande wa sarufi, kiwashi hakidai upendeleo. Unganisha imetoa kiunganishi, wakilisha imetoa kiwakilishi, ambisha imetoa kiambishi. Washa inatoa kiwashi kwa kanuni hiyohiyo. Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipeleka pendekezo hili mbele ya jopo moja, likarudishwa na maelezo ya mstari mmoja kwamba neno "halina sura ya kitaalamu". Waliolirudisha hufundisha viambishi na viunganishi kila muhula. Inaumiza kuona wenye kanuni wakiikana kanuni yao pale inapotaka kuwahudumia madaktari.

Hoja nyingine zilizotolewa ni nyepesi. Ati kiwashio kipo tayari. Kipo, lakini ni chombo kinachosubiri mkono wa mtu, ilhali kiwashi hutenda chenyewe. Ati kiwashi kitawakumbusha watu upupu na kujikuna. Na wakumbuke, maana ishara ya mwasho wa ngozi hupitia viwashi vya JAK, na dawa za kuvizima zimeshaidhinishwa kutibu ukurutu. Ati viwashi vingine, vikiipachika fosfeti, huizima protini badala ya kuiamsha. Ni kweli, lakini dosari hiyohiyo imo katika neno la Kigiriki, na hakuna mkutano wowote wa wanasayansi uliolifuta.

Faida kubwa ni kwamba kiwashi kina ndugu. Waka, washa, mwasho, mwako. Hali ya mwili kuwaka baada ya kudhurika, ambayo Kilatini nacho kiliipa jina la moto, inastahili kuitwa mwako, wala si uvimbe. Celsus, Mrumi wa karne ya 1, alitaja dalili zake 4: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Waliochagua uvimbe walichukua robo wakaiita nzima. Mwiraqw au Mdatoga wa huko Haydom aliyejifunza Kiswahili shuleni au sokoni, akiambiwa mwanawe ana uvimbe wa utumbo, atapeleka kiganja tumboni kwa mtoto, atabonyeza kushoto na kulia akitafuta donge, na asipoliona atarudi nyumbani akiwaza saratani. Akiambiwa utumbo unawaka kwa ndani, hatatafuta donge.

Kwa matumizi: dawa za kuzima viwashi zipo, tofasitinibu ikiwa imeidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa baridi yabisi, na barisitinibu ikipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Januari 2022 kwa korona kali. Kabla ya kuzitumia kwa muda mrefu mgonjwa hupimwa kwanza kifua kikuu, kwa sababu kinga ikipunguzwa moto, vimelea vilivyolala huamka. Kwa watoto wa Haydom hazikutumika. Huko, katika jaribio la ELICIT, watoto 1,188 waligawanywa katika makundi kupimwa viuavijasumu na nikotinamidi, vitamini ambayo mwili huweza kuitengeneza kutokana na triptofani. Matokeo yaliyotolewa 2021 yalionyesha kwamba si viuavijasumu wala nikotinamidi vilivyoongeza kimo.

Jaribio la aina hiyo humtaka mzazi aelezwe kwanza, kisha ndipo akubali au akatae. Sentensi ya kumweleza inaweza kuwa hii: "Mama, utumbo wa mtoto una mwako, viwashi vya seli vimewaka na havizimi, na chakula anachokula kinaishia humo." Pendekezo litapelekwa tena kwenye jopo, na safari hii sentensi hiyo itakuwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.